Mama Kisa cha Tatu: fundi wa kanda aliyesubiri majina yaishe

Saa mbili asubuhi, kabla kinyozi wa jirani hajaanika taulo zake nje, mwanamke mmoja ameinamia meza, barakoa usoni, bisibisi ndogo mkononi. Mbele yake kuna kanda ya video iliyoota ukungu mweupe kama imemwagiwa unga. Anamtaja Mungu kwa sauti ya chini, anafungua skrubu ya kwanza na kuilaza kwenye kifuniko cha chupa. Moja moja, mpaka zote zimelala humo.

"Hapa ukipiga chafya umeharibu harusi ya mtu," anasema bila kuinua macho.

Chumba chake kiko nyuma ya kinyozi, na kinachowatenga ni ubao mwembamba tu. Redio ya kinyozi inasikika yote, na vicheko vya wateja vinasikika zaidi. Dirisha lina pazia zito la kuzuia vumbi. Mezani kuna deki tatu za video: moja inafanya kazi, mbili zimefunguliwa matumbo kwa ajili ya vipuri. Pembeni kuna chupa ya spiriti, vitambaa laini vilivyofuliwa na kukunjwa, na kifaa cha mbao chenye mkono wa kuzungusha, alichojitengenezea mwenyewe ili utepe upite polepole juu ya kitambaa bila kuvutwa.

Kazi yake ni kuosha kanda za zamani. Watu humletea harusi zao, maziko ya wazazi wao, watoto waliokuwa wakitambaa na leo wana watoto wao. Akimaliza kuziosha, anazihamishia kwenye vifaa vya siku hizi ili wenyewe wazitazame kwenye simu. Siku nzuri anamaliza kanda nne. Kuna wiki hapati hata moja, na hapo hushona vifungo vya mashati ya watu ili jiko lisipoe.

Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Kisa cha Tatu. Siku hizi akiitwa hivyo anatabasamu. Kwa miaka mingi aliitikia tu kwa sababu mtu hawezi kugombana na mtaa mzima.

Jina hilo lilianza kama dhihaka. Mtu akisimulia jambo lisiloaminika, kwamba amekutana na nyoka mwenye masharubu au mwenye nyumba amesamehe kodi, wenzake walikuwa wakimkata kauli: "Aa, hicho sasa ni kisa cha tatu." Maana yake ilikuwa uongo, na uongo wenyewe ulipewa jina la huyu mama.

Chanzo chake ni filamu moja ya runinga ya zamani ambayo wengi hawajawahi kuisikia. Iliitwa Nyumba ya Taa Moja. Haikutengenezwa kwa ajili ya kumbi za sinema. Ilitengenezwa itazamwe sebuleni, na kituo cha runinga kiliirusha mara moja tu, Jumapili moja jioni. Ndani yake mna visa mbalimbali vilivyofungwa kwa kamba moja: bibi kizee anatembea na taa kwenye nyumba kubwa, na kila mlango anaofungua una hadithi yake.

Kisa cha kwanza kinamhusu mtu aliyenunua koti la mtumba, na kila asubuhi akakuta ufunguo mpya mfukoni. Cha pili kinamhusu muuguzi na mgonjwa asiyelala. Kisha bibi anapuliza taa, skrini inakuwa nyeusi, na majina ya watengenezaji yanaanza kupanda.

Wote waliowahi kuiona kwenye kanda wanajua kwamba inaishia hapo. Kituo chenyewe kilikwishafuta kanda yake ya asili ili kirekodie mambo mengine, kama ilivyokuwa desturi siku hizo. Kilichobaki ni nakala za majumbani, walizozirekodi watazamaji kwa deki zao, na wakusanyaji wanazitafuta kama lulu.

Mmoja wa wakusanyaji hao ni mstaafu mrefu mwembamba anayejulikana hapa kama Bwana Maboksi, kwa kuwa hajawahi kufika bila boksi kwapani.

"Filamu kubwa kila mtu anayo," anaeleza. "Hii haina bango, haina kava la dukani, hata muziki wake haukuuzwa popote. Ukiipata ni kama umempata ndugu uliyeambiwa hakuzaliwa. Mke wangu ananiambia, mbona huyo ndugu anakula sebule yetu yote?"

Mama Kisa cha Tatu aliiona filamu hiyo akiwa msichana mdogo. Na tangu hapo amekuwa akisema jambo ambalo hakuna mwingine aliyelisema: kwamba baada ya majina kulikuwa na kisa kimoja zaidi. Kwamba alikuwapo mwanamke aliyetembea na kiti kichwani, na popote alipokitua, mtu aliyepotea alikuja na kukaa.

"Nilikisimulia shuleni, wakacheka. Nikakisimulia ukubwani, wakacheka zaidi," anasema. "Kinyozi huyu ndiye aliyekuwa imamu na padri wa kunicheka."

Kinyozi, aliyesikia yote kupitia ubaoni, anapaza sauti: "Usinisingizie, mama! Mimi nilikuwa nauliza hali ya kiti tu!"

Na kweli alikuwa akiuliza. Kila asubuhi: "Mama Kisa, kile kiti kimefika wapi leo?" Naye alikuwa na jibu: "Kimefika kwako. Kinasubiri ukae unyolewe ulimi."

Utani wa jirani haukumwumiza. Kilichomwumiza kilikuwa nyumbani kwao. Jioni ile ya filamu kulikuwa na watu watatu mbele ya runinga: baba yake, dada yake mkubwa na yeye. Baba amefariki. Alibaki dada, shahidi pekee, na dada hakukubali kushuhudia.

"Nilikuwa nimefua kutwa nzima," anasema dada huyo, mwanamke mnyoofu ambaye hata chenji ya pipi huirudisha dukani. "Muuguzi alipoingia tu kwenye kisa cha pili, mimi sipo, nimelala. Mdogo wangu ananiambia, dada, waambie kilikuwepo. Nikamwuliza, unataka niape kwa usingizi? Sijaona, sisemi."

Kwa hiyo mdogo mtu alikuwa peke yake. Zaidi ya jina lake, lilikuwepo pia jina la baba la kusafishwa, kwani yeye ndiye aliyekisimulia kisa hicho kijiweni mara ya kwanza, na yeye ndiye aliyechekwa kwanza. Alikufa akiitwa mzushi na wenzake, kwa utani, lakini akiitwa.

Baba huyo alikuwa mfagiaji wa ukumbi wa sinema. Filamu ilipokaribia mwisho alisimama mlangoni na ufagio wake. Watu walianza kutoka mara tu majina yalipoanza kupanda, wakikanyagana, wakimwaga bisi sakafuni. Yeye hakutia ufagio chini. Alimzuia hata mwasha taa asiwashe mpaka jina la mwisho lipite.

"Alikuwa anatuambia, hao ndio waliobeba vyuma, wakashona nguo, wakapika chai. Ni wafagiaji wenzangu. Mtu hali akaondoka kabla ya kumshukuru mpishi," binti anakumbuka. "Nyumbani hivyo hivyo. Majina yakianza, hakuna kuinuka. Dada alikuwa anafurahi, maana ndio muda wake mzuri wa kukoroma."

Ukumbi ulipofungwa, mwenye ukumbi alimpa deki ya video kama kiinua mgongo. Jioni ile ya Jumapili baba alirekodi Nyumba ya Taa Moja nayo. Alipofariki wiki chache baadaye, kabla hajamwonyesha mtu kanda hiyo, ndugu waligawana vitu, deki na sanduku la kanda vikachukuliwa na mjomba, naye akaviuza. Msichana akabaki na kisa kichwani, bila ushahidi mkononi.

"Ndipo nikajifunza kazi hii," anasema. "Nilijiambia, kanda zote za dunia zikipita mezani kwangu, yetu nayo itapita. Nilikuwa mjinga. Lakini Mungu huwa hawacheki wajinga, anawangoja tu."

Mwanzoni mwa mwaka huu Bwana Maboksi alifika na boksi alilonunua kwenye nyumba iliyokuwa ikihamwa. Kanda zake zilikuwa zimekaa chini ya ngazi, palipovuja maji, na lebo zote zilikuwa zimeliwa na ukungu. Alimpa fundi aoshe ili ajue kuna nini.

Fundi alifungua kasha la kanda ya tano au ya sita, akalifunga, akakaa chini.

Ndani ya kasha kulikuwa na kipande cha kitambaa cha mahameli kilichogundishwa ili kanda isigongegonge. Baba yake alikuwa akiokota vipande vya kitambaa cha viti vilivyochanika ukumbini na kuvigundisha hivyo kwenye makasha yake yote.

"Mama, mahameli wanayo wengi," Bwana Maboksi alimwambia kwa upole. Alikuwa amekwisha kumsikia na kisa chake, na siku zote alikuwa akimjibu kwamba kumbukumbu za utotoni ni kama chungu cha shughuli, kila apitaye anatia chumvi.

"Wanayo wengi. Iliyotobolewa na sigara, tundu likatosha kidole changu cha mwisho?" Akafungua kasha na kuonyesha tundu. Kidole hakikuingia tena. "Nilikuwa nakitia humu nikiogopa. Sasa kimenenepa, lakini tundu ni lile."

Kazi ikaanza. Utepe wa nje, ule wa mwanzo wa filamu, ulikuwa umekwisha. Ukungu ulikuwa umeula mpaka ukawa unapukutika kama magamba. Alizungusha, akafuta, akakata palipooza, akaunga, akasafisha, akazungusha tena. Kila alipomaliza kitambaa kimoja alikitupa asirudishe uchafu. Bwana Maboksi alikuja kutwa baada ya kutwa, akisimama mlangoni kama mtu anayesubiri habari za mzazi hospitalini.

"Kisa cha kwanza kimekwenda," fundi alimwambia siku moja.

Mzee alishika kichwa. "Chote?"

"Koti limebaki mkono mmoja."

"Basi tumekwisha, mama."

Hapo, anasema Bwana Maboksi, alimwona fundi akicheka kwa mara ya kwanza tangu boksi lifike.

"Kisa cha kwanza si mnacho wote?" alimwuliza. "Baba yangu alikuwa harudishi kanda kabatini bila kuirudisha mwanzo. Alikuwa anasema mgeni aache mlango alivyoukuta. Kwa hiyo mwanzo ndio uliokuwa nje, umeliwa. Mwisho ulikuwa ndani kabisa, umefunikwa na filamu nzima. Ukungu haujafika huko. Kama kilikuwepo, kipo."

Maneno hayo, "kama kilikuwepo", aliyasema yeye mwenyewe. Anakiri kwamba usiku wake haukuwa mzuri. "Nikajiuliza, je, kama niliota? Dada alilala, je, kama na mimi nililala? Nimembebesha marehemu jina la mzushi bure. Nikasali, nikamwambia Mungu, sikuombi unipe ushindi. Nipe ukweli tu, hata kama utanipiga nao."

Siku ya kuitazama aliiweka saa tisa mchana, mlango wazi. Alimwita dada yake. Bwana Maboksi alikuja amevaa koti la kwendea kanisani. Kinyozi aliingia bila kualikwa, na nyuma yake akaingia mteja wake, taulo shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado.

"Wewe unakuja wapi?" fundi alimwuliza mteja.

"Mama, mwenye wembe yuko huku. Mimi nibaki na nani?"

Kanda iliingia. Kwanza zikaja chenga, kisha mkono wa koti, kisha chenga tena. Muuguzi akatokea, sauti ikipanda na kushuka kama ya mtu aliye kisimani. Fundi hakukaa. Alisimama, kidole karibu na kitufe, akisikiliza deki kuliko filamu, maana utepe ukianza kutafunwa sauti ya mashine hubadilika kabla picha haijabadilika.

Bibi kizee akapuliza taa. Skrini ikawa nyeusi. Majina yakaanza kupanda.

Kinyozi akainuka. "Haya, imeisha. Tumeona, tumeshukuru. Nina kichwa cha mtu hapa."

"Kaa chini!" alimkemea dada mtu. "Mara ya kwanza nililala. Leo hakuna wa kunizibia."

Bwana Maboksi anasema hapa ndipo nakala zote alizowahi kuziona katika maisha yake zinapokatika. "Kanda zilikuwa ghali. Kila mtu akiona majina anabonyeza, klik, abakize nafasi ya mpira. Wote tulibonyeza. Hata mimi, nikiwa kijana, nilibonyeza kwa mkono wangu huu."

Majina yakapanda. Waliobeba taa, walioshona, waliopaka rangi milango. Jina la mwisho likapita, likatoweka juu.

Giza. Mstari wa chenga ukashuka taratibu. Giza tena.

"Mdogo wangu," dada alianza kwa huruma.

Ikasikika sauti ya kiberiti.

Moto mdogo ukawaka katikati ya skrini, na nyuma yake uso wa bibi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayehakikisha jirani hawasikii. Akasema: "Wameondoka wote? Vizuri. Wewe uliyebaki, hiki ni chako."

Akafungua mlango. Barabara ndefu. Mwanamke akija kutoka mbali, na kichwani kiti.

Kilichofuata hakikuwa cha kutazama filamu. Mteja mwenye nusu kichwa ndiye aliyepiga kelele wa kwanza, ingawa hakujua hata ni kwa nini. Kinyozi aliruka akagonga ubao wake mwenyewe, kioo cha upande wa pili kikaanguka. Bwana Maboksi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena, machozi yakimshinda. Fundi peke yake hakusogea. Kidole kilikuwa bado karibu na kitufe, akisikiliza deki.

"Kelele!" alisema. "Niacheni niisikie mashine."

Wakatulia kama watoto. Kisa kikaenda mpaka mwisho. Mwanamke alikitua kiti sokoni, akaja kukaa mwana aliyepotea. Akakitua mtoni, akaja kukaa mume aliyezama. Mwishoni alichoka, akakitua njiani na kukaa yeye mwenyewe, na kwa mbali wakaonekana watu wakija kumtafuta.

Skrini ilipozima kweli, dada mtu alisimama. Alijinyoosha gauni, akasema kwa sauti ya mahakamani: "Sasa nimeona. Niiteni popote, nitaapa."

Kisha akamkumbatia mdogo wake, na hapo ndipo fundi alipovua barakoa na kulia.

Kulikuwa na kosa moja katika ushuhuda wake wa miaka yote. Siku zote alisema kiti kilikuwa chekundu. Filamu haina rangi; ni nyeusi na nyeupe tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Wekundu niliutia mwenyewe," anasema akicheka. "Nilikuwa nimeshika mahameli ya baba. Bwana Maboksi alisema kweli, kuna chumvi. Lakini nyama ilikuwepo chunguni."

Kanda, kwa haki, ilikuwa ya Bwana Maboksi. Aliinunua kwa fedha yake. Jioni ile fundi aliiweka ndani ya kasha, akaipangusa, akamkabidhi kwa mikono miwili, naye akaondoka nayo kwapani, mtu mwenye kitu ambacho wakusanyaji wenzake wote wanakililia.

Alifika kituo cha basi. Basi likaja, likaondoka. Lilipokuja la pili alikuwa tayari amegeuza njia.

"Nilijaribu kujidanganya," anasema mzee huyo. "Nikajiambia nimelipa, ni yangu. Lakini kila nikigusa mahameli naona naiba kiti cha mtu. Nikarudi nikamwambia, mama, hii ni ya baba yako. Mimi nipe nakala. Na wenzangu wote watapata nakala, na kwenye kila moja tutaandika mfagiaji ndiye aliyeitunza."

Ahadi ameitimiza. Nakala zimesambaa kwa wakusanyaji wa karibu na wa mbali, na barua zinamjia fundi kutoka kwa watu asiowajua. Wapo walioandika kwamba na wao walikiona kisa kile utotoni, wakanyamaza wasichekwe. Kazi nayo imeongezeka. Kabati limejaa kanda zinazongoja kuoshwa, na vifungo vya mashati amemwachia dada yake.

Mtaani usemi haujafa, ila umegeuka. Mtu akisimulia jambo na mwenzake akatikisa kichwa, sasa anasema: "Ngoja majina yaishe." Kinyozi, ambaye amelazimika kununua kioo kipya, ndiye anayeusema kuliko wote. Mlangoni kwake ameweka kiti cha mbao na haruhusu mteja akikalie. Anasema ni cha mama.

Bado lipo jambo moja. Ule ukumbi wa sinema alikofagia baba leo ni ghala la saruji. Fundi amekwenda kumwona mwenye ghala, akamweleza, naye amekubali kumwachia ghala kwa alasiri moja ya Jumamosi. Bwana Maboksi ataleta mashine ya kuonyeshea. Majirani wataleta viti vyao, kila mtu na chake kichwani, kwa sababu kinyozi amesema asiyebeba kiti kichwani haingii.

Fundi ameomba kazi mbili siku hiyo. Ya kwanza ni kukaa karibu na swichi ya taa.

"Sitawasha mpaka jina la mwisho lipite, na kisa kipite," anasema. "Atakayeinuka mapema atatoka gizani, akajikwae huko."

Na ya pili? Anageuka, anaonyesha pembeni ya kabati. Umesimama hapo ufagio mpya, mti wake umefungwa utepe wa kanda iliyokwisha.

"Watu wakishatoka," anasema, akivaa barakoa na kuichukua kanda inayofuata, "nitafagia mimi."